Ukaguzi wa lazima wa gari na jinsi ya kupata kituo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wenye magari huuliza tena na tena, mara nyingi siku mbili kabla cheti hakijaisha muda. Mengine yanajibika kwa sentensi moja. Mengine, hasa ya breki na ya kuchagua kituo, yakijibiwa kwa mkato yanaweza kumponza mtu, kwa hiyo hapo nimekaa zaidi.

Ukaguzi wa lazima ni nini hasa?

Ni kupeleka gari kwa mkaguzi aliyeidhinishwa na serikali, kila baada ya muda uliowekwa kisheria, ili aone kama vitu vinavyomlinda mtu barabarani bado vinafanya kazi: breki, usukani, matairi, taa, mikanda, vioo, bodi na moshi. Gari likifaulu unapewa cheti au stika. Likifeli unapewa karatasi ya makosa, unaenda kutengeneza, unarudi.

Wengi huchanganya ukaguzi na sevisi. Sevisi inabadilisha oili, filta na plagi. Ukaguzi haubadilishi kitu wala haukazi nati hata moja. Mkaguzi anaangalia, anapima, anaandika, basi. Gari linaweza kutoka sevisi leo na kufeli ukaguzi kesho, na fundi wako asiwe amekudanganya chochote.

Gari langu naliendesha kila siku, nalijua kuliko mtu yeyote. Kwa nini nilazimishwe?

Kwa sababu unaliendesha kila siku. Gari haliharibiki kwa kishindo. Linachakaa kidogo kidogo, na mwili wako unalizoea kidogo kidogo vilevile. Breki zikilegea leo kwa unywele mmoja, kesho mguu unakanyaga zaidi kwa unywele mmoja, na hakuna siku hata moja utakayosema “leo kuna kitu kimebadilika.”

Mimi nilijifunza hilo kwenye mashine ya kupima breki. Gari langu, kwa hisia zangu, lilikuwa zima kabisa. Mkaguzi akaniambia nisogeze magurudumu ya mbele juu ya rola, rola zikaanza kuzunguka, akasema, “Kanyaga taratibu.” Kwenye ubao mbele yangu mshale wa gurudumu la kushoto ukapanda hadi kilonyutoni 2.4 (kipimo cha nguvu ya breki). Wa kulia ukagota kwenye 1.3 na kubaki hapo, hata nilipokanyaga kwa nguvu zote. Piga hesabu: upande mmoja ulikuwa chini ya mwingine kwa karibu asilimia 46, na kiwango cha Umoja wa Ulaya hakiruhusu tofauti izidi 30. Gari lilipofunguliwa, pini za kalipa ya kulia, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, zilikuwa zimeshikana kwa kutu, pedi ya ndani imeliwa na ya nje bado nene.

Kilichonishtua ni mikono yangu. Niliporudi barabarani baada ya kutengeneza, kila nikikanyaga breki gari lilielekea kulia kidogo. Halikuwa na kosa tena. Mimi ndiye niliyekuwa nauvuta usukani kulia kwa mazoea, baada ya miezi ya kufidia breki iliyokufa bila kujijua. Siku mvua imenyesha na mtoto amekatiza ghafla, fidia ya aina hiyo haitoshi.

Wazo hili lilitoka wapi?

Lilianzia kwenye mvuke. Mwaka 1865 tangi la mvuke lililipuka kwenye kiwanda cha bia mjini Mannheim, Ujerumani, na mwaka uliofuata wenye viwanda wakaunda chama cha kukagua matangi yao kwa hiari. Kutoka kwenye vyama vya namna hiyo ndiko yalikotoka mashirika ya TÜV, ambayo leo Wajerumani wengi huyafahamu kwa ukaguzi wa magari. Uingereza ilianzisha ukaguzi wake wa magari mwaka 1960, kwa magari yaliyotimiza miaka 10. Umri huo ukashushwa hadi miaka 7 mwaka 1961, na hadi miaka 3 mwaka 1967. Kadiri walivyokagua ndivyo walivyoona kwamba kusubiri miaka 10 ni kuchelewa.

Gari jipya nalo linakaguliwa? Na baada ya muda gani?

Inategemea gari limesajiliwa wapi na linafanya kazi gani. Uingereza, ukiacha Ireland ya Kaskazini, ni baada ya miaka 3, halafu kila mwaka. Japani ni miaka 3, halafu kila miaka 2. Ujerumani hivyo hivyo, 3 kisha kila 2. Ufaransa ni 4 kisha 2, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Umoja wa Ulaya unakiruhusu kwa magari madogo ya binafsi; nchi mwanachama inaweza kuwa kali zaidi, haiwezi kulegeza. Marekani kila jimbo lina lake: Texas iliacha ukaguzi wa usalama kwa magari yasiyo ya biashara kuanzia Januari 1, 2025, ingawa kupima moshi kumebaki katika baadhi ya maeneo yake.

Magari ya abiria na ya mizigo hubanwa zaidi karibu kila mahali. Kenya, kwa mfano, gari la abiria hukaguliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri ya nchi hiyo, kila mwaka. Sababu inaeleweka: gari linalobeba watu kutwa linamaliza breki kwa miezi ambayo gari la nyumbani lingetumia miaka.

Usimwulize jirani tarehe yako. Angalia kadi ya gari, cheti kilichopita, au tovuti ya mamlaka ya usafiri ukiwa na namba ya gari mkononi. Ujerumani tarehe iko kwenye gari lenyewe: stika ya duara kwenye namba ya nyuma ina tarakimu za miezi kandokando, na ile iliyo juu kabisa ndiyo mwezi wa ukaguzi unaofuata.

Mkaguzi anaangalia nini hasa?

Orodha rasmi ni ndefu. Nitaeleza yale yanayofelisha magari, na kwa nini.

Breki kwanza. Rola zinapima nguvu ya kila gurudumu peke yake, na mashine inalinganisha jumla ya nguvu hizo na uzito wa gari. Kwa magari madogo ya miaka ya karibuni, Umoja wa Ulaya unataka jumla ifike angalau asilimia 58 ya uzito, na breki ya mkono asilimia 16. Baada ya hapo mkaguzi anaingia chini na tochi. Anatazama mabomba ya chuma kama yameliwa na kutu, na paipu za mpira zinazoingia kwenye magurudumu. Paipu ya mpira iliyozeeka huwa na nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Anaikunja kwa vidole, na nyufa zikifunguka hadi nyuzi za ndani kuonekana, hapo hakuna majadiliano.

Matairi ni kitu unachoweza kujikagulia mwenyewe, na bado yanafelisha watu kila siku. Kina cha mifereji kisipungue milimita 1.6 kwa magari madogo katika nchi nyingi. Huhitaji kipimo: ndani ya mifereji mikuu kuna vinundu vidogo vya mpira vilivyowekwa kiwandani kwa urefu huo huo. Uso wa tairi ukilingana na vinundu, tairi limekwisha. Tazama upana wote, hasa ukingo wa ndani usioonekana ukiwa umesimama. Gari lenye alaimenti mbovu hula upande wa ndani hadi nyuzi huku nje pakionekana pazuri. Pitisha kiganja ubavuni kutafuta uvimbe. Umri wa tairi nao umeandikwa, tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Halafu usukani na miguu ya gari. Mkaguzi anataka kusikia mchezo. Mwenzake anatikisa usukani kushoto na kulia huku yeye yuko chini ameshika taiodi na boljointi, yaani viungo vya usukani na magurudumu. Kama kuna uwazi, unagonga kwenye vidole kabla haujaonekana kwa macho. Vituo vyenye vifaa vizuri vina sahani za chuma zinazosukuma magurudumu huku na huko, na bushi (mpira wa kwenye kiungo) iliyokufa hujionyesha hapo. Shokomzoba ikilowa oili inajieleza yenyewe.

Taa zinaonekana rahisi, ila kuwaka peke yake hakutoshi. Taa ya mbele inapimwa inaelekea wapi, maana ikielekea juu inampofusha anayekuja. Kioo cha taa kilichofifia na kuwa cha njano kinapunguza mwanga hata kama balbu ni mpya. Taa za breki ndizo zinazosahaulika zaidi, kwa kuwa dereva hawezi kuziona akiwa anaendesha.

Zipo pia taa za dashibodi. Ukiwasha swichi, taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukikanyaga breki) na ya eabagi zinatakiwa ziwake kisha zizime. Ikibaki inawaka ni kosa. Isipowaka kabisa mkaguzi atajiuliza nani kaitoa balbu, na anajiuliza kwa haki, kwa sababu kuna watu wanaouza magari kwa mbinu hiyo.

Moshi unapimwa kwa kifaa kinachoingizwa kwenye bomba la nyuma. Injini ya petroli hupimwa hewa ya kaboni monoksaidi, ya dizeli hupimwa weusi wa moshi. Fika injini ikiwa moto. Kifaa cha kusafisha moshi kinahitaji joto la nyuzi mamia kabla hakijaanza kazi, na gari lililokaa saa nzima kwenye foleni ya kituo linaweza kufeli kipimo ambacho lingefaulu kama lingetoka tu barabarani.

Mengine nayapita haraka: mikanda ivutike, ifunge na irudi, honi ilie, wipa zifute bila kuacha mistari, kioo cha mbele kisiwe na ufa mbele ya macho ya dereva, milango ifunguke, na kutu isiwe karibu na mahali mikanda au miguu ya gari ilipofungwa. Kutu ya mlangoni ni ubaya wa sura. Kutu ya chasisi ni suala la uhai.

Kitu gani hakiangaliwi?

Uzima wa ndani wa injini, gia, klachi na mkanda wa taimingi. Mkaguzi hafungui kitu. Cheti hakikuahidi kwamba injini itafika wiki ijayo, na mtu anayekuuzia gari akisema “injini safi, ukaguzi umepita” amekuunganishia mambo mawili yasiyohusiana.

Nifanye nini kabla ya kwenda?

Dakika 15 zinatosha, jioni, kiza kikianza kuingia. Egesha gari mbele ya ukuta na uwashe taa zote. Ukuta utakuonyesha ipi imekufa na ipi imepinda. Kwa taa za breki geuza gari nyuma ielekee ukutani, ukanyage, utazame kwenye kioo cha ndani. Hutahitaji mtu wa kukusaidia.

Jaza maji ya wipa. Pima upepo wa matairi yakiwa baridi. Angalia mafuta ya breki kwenye chupa yake: yakiwa chini ya alama, usiongeze ukadhani umemaliza, kwa kuwa mara nyingi yameshuka kwa sababu pedi zimeisha au kuna mahali yanavuja. Kanyaga breki injini ikiwa imezimwa, mara kadhaa, kisha shikilia. Kanyagio likiendelea kuzama polepole chini ya mguu, usisubiri ukaguzi, mwite fundi.

Toa mizigo. Buti lililojaa linaishusha nyuma na kuziinua taa za mbele, na ukafeli kwa sababu ya magunia. Osha gari, na chini pia. Uingereza mkaguzi anaruhusiwa kulikataa gari chafu mno kukaguliwa.

Nitapataje kituo kilichoidhinishwa?

Anza na orodha ya mamlaka yenyewe, yaani wizara au wakala wa usafiri wa nchi ambako gari limesajiliwa. Nchi nyingi zina ukurasa wa kutafuta kwa eneo au kwa aina ya gari. Tovuti ya kwanza inayojitokeza ukitafuta kwenye intaneti inaweza kuwa ya dalali anayekuongezea gharama ya kuweka miadi ambayo ungeiweka mwenyewe bure. Soma anwani ya tovuti kabla ya kulipa chochote.

Angalia kituo kimeidhinishwa kwa gari la aina yako. Hapa watu hupoteza siku nzima. Kituo cha magari madogo kinaweza kisiwe na ruhusa wala mashine ya kupokea basi, pikipiki, trela au gari la mizigo. Gari lenye magurudumu manne yanayovuta muda wote lina tatizo jingine: rola za kawaida zinaweza kuumiza mfumo wake wa gia, kwa hiyo sema mapema unapopiga simu, ili walipime kwa njia nyingine.

Ukifika, tafuta kibali ukutani na alama rasmi nje. Uingereza alama hiyo ni ya rangi ya buluu yenye pembetatu tatu nyeupe. Halafu tazama jinsi kazi inavyofanyika. Kituo kinachostahili kuaminiwa kina mahali pa mteja kukaa akaona, au angalau hakikasiriki ukiomba kuona. Gari linapandishwa au linaingia juu ya shimo, na mkaguzi anashuka na tochi. Nimewahi kusimama nje ya kituo kimoja nikahesabu magari manne yaliyoingia na kutoka na vyeti bila hata moja kunyanyuliwa. Nikaondoka na langu. Cheti cha namna hiyo kingeniridhisha mimi na askari wa barabarani, ila boljointi haisomi vyeti.

Ukaribu nao una maana, usiudharau. Ukifeli utarudi, na kituo kilicho mbali kitakufanya uahirishe.

Kuna vituo vinavyokagua na kutengeneza hapo hapo. Niviamini?

Hili ndilo swali linalonigusa zaidi, na nchi zimelijibu tofauti. Ufaransa kituo cha ukaguzi hakiruhusiwi kutengeneza magari. Ireland ya Kaskazini ukaguzi unafanywa na vituo vya serikali visivyouza hata balbu. Uingereza iliyobaki na Uholanzi, gereji binafsi zilizoidhinishwa hukagua na kutengeneza chini ya paa moja.

Kila mfumo una maumivu yake. Mkaguzi asiyetengeneza hana faida ukifeli, ila utazunguka mara mbili. Gereji inayofanya vyote inakuokolea safari, lakini anayeandika kosa ndiye atakayelipwa kuliondoa, na binadamu ni binadamu. Gereji moja iliwahi kuniandikia nibadilishe shokomzoba zote nne. Nilichukua karatasi nikaenda kituo kingine kisichofanya matengenezo. Walikuta bushi moja imekatika, shokomzoba zote ni kavu na nzima. Tofauti ya gharama ilikuwa mara nyingi sana, na kama nisingekwenda kuuliza nisingejua kamwe.

Ushauri wangu: ukiwa na uwezo wa kuchagua, kagua kwa asiyetengeneza. Usipokuwa nao, omba uonyeshwe kosa kwa macho yako kabla hujakubali kazi. Mkaguzi mwaminifu atakuita chini ya gari na kukuangazia tochi bila kinyongo. Omba pia kipuri cha zamani kikishatolewa.

Nipeleke lini?

Wiki tatu au nne kabla ya mwisho, si siku ya mwisho. Baadhi ya nchi zimeweka utaratibu ili usipoteze siku ukiwahi. Uingereza unaweza kukaguliwa hadi mwezi mmoja kasoro siku moja kabla, na tarehe yako ya mwaka ujao ikabaki ile ile. Chagua asubuhi katikati ya wiki. Mwisho wa mwezi vituo hufurika.

Nibebe nini?

Kadi ya gari au nakala yake kama sheria inataka, kitambulisho, uthibitisho wa miadi na wa malipo, na ufunguo wa nati za magurudumu kama zina kufuli. Namba ya chasisi isomeke. Ikiwa imefunikwa na tope au rangi, isafishe nyumbani.

Gari likifeli inakuwaje?

Soma karatasi kabla ya kukasirika. Nchi za Umoja wa Ulaya, na Uingereza pia, hugawa makosa katika ngazi tatu: madogo, makubwa na ya hatari. Kosa dogo huandikwa na gari hufaulu. Kosa kubwa linafelisha, na unapewa muda wa kutengeneza na kurudi. Ufaransa muda huo ni miezi 2, Ujerumani mwezi 1. Kosa la hatari lina uzito wake peke yake: maana yake gari lisiondoke hapo kwa magurudumu yake likaingia barabarani. Ufaransa gari lenye kosa la namna hiyo linabaki na ruhusa ya siku ile ile tu.

Mtu akiambiwa “hatari” husema, “Lakini nimekuja nalo.” Ni kweli umekuja nalo. Tairi lililotokeza nyuzi nalo huenda safari nyingi salama hadi ile moja. Ita gari la kuvuta, au fundi aje hapo hapo.

Usipokubaliana na matokeo, usitengeneze kwanza. Omba utaratibu wa rufaa kwa mamlaka wakati kosa bado lipo, kwa sababu ukishabadilisha kipuri ushahidi umekwenda nacho. Na uliza mapema masharti ya kurudia: vituo vingi hupima tena sehemu zilizofeli tu ukirudi ndani ya siku chache, ila ukichelewa unaanza upya na kulipa upya.

Cheti kimeisha. Naweza kuendesha hadi kituoni?

Uingereza ndiyo, ikiwa tayari una miadi na unaelekea huko moja kwa moja, na gari lenyewe si hatari. Nchi nyingine haziruhusu hata hivyo. Soma masharti ya bima yako pia, maana bima inaweza kuleta ubishi kwa gari lisilo na ukaguzi baada ya ajali, na ubishi huo huja wakati ambao huna nguvu za kubishana.

Kuna mtu anaweza kunipatia stika bila kupeleka gari. Kuna ubaya gani?

Ni kughushi, na wewe unakuwa mshiriki. Mamlaka nyingi sasa zinaweka matokeo kwenye kompyuta, askari akiingiza namba ya gari anaona kama ukaguzi ulifanyika. Lakini hata kama usingekamatwa kamwe, fikiria umenunua nini. Umelipa ili usijue breki zako zikoje. Abiria wako, na mtu anayevuka barabara mbele yako, hawakushirikishwa katika biashara hiyo.

Nanunua gari lililotumika, lina cheti cha wiki tatu zilizopita. Kinatosha?

Hapana. Cheti kinasema hali ya siku moja. Tangu siku hiyo matairi mazuri yanaweza kuwa yamerudishwa kwa mwenyewe, mchezo ambao si mgeni kwenye soko la magari. Tafuta historia yote, si karatasi ya mwisho pekee. Uingereza mtu yeyote anaweza kuiona bure kwenye tovuti ya serikali kwa namba ya gari, pamoja na kilomita au maili zilizosomwa kila mwaka. Zipange kwa mfuatano: zikipanda, zikapanda, halafu zikashuka, mita imerudishwa nyuma. Kosa lile lile likijirudia miaka mitatu, tuseme “kutu upande wa nyuma kushoto”, mwenye gari amekuwa akipaka rangi juu ya tatizo.

Kama nchi yako haina kumbukumbu za wazi, mwombe muuzaji mkalikague upya kwa gharama yako kabla ya kulipa. Anayekataa amekujibu.

Gari la umeme linakaguliwa nini, ikiwa halina moshi?

Kila kitu kasoro moshi. Na lina udhaifu wake. Mota hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, hivyo breki za kawaida hazitumiki sana, na diski isiyotumika inashika kutu. Gari lina kilomita chache, pedi ni nene kama mpya, na bado linafeli. Mara moja moja, barabara ikiwa wazi na salama, kanyaga breki kwa uthabiti ili diski zijisugue. Matairi nayo huisha mapema, kwa uzito wa betri na nguvu ya kuondoka.

Na pikipiki, au gari la kale?

Pikipiki hukaguliwa katika nchi nyingi, ingawa si zote. Magari ya kale mara nyingine husamehewa: Uingereza gari lililotimiza miaka 40 na ambalo halijabadilishwa sana halilazimiki. Kusamehewa na sheria hakuzuii paipu ya breki ya miaka 40 kupasuka, kwa hiyo mimi ningelipeleka.

Nimefaulu, ila mkaguzi ameandika “angalizo” chini. Nilipuuze?

Usilipuuze. Angalizo ni kitu ambacho leo bado kiko ndani ya kiwango na mwakani huenda kisiwe ndani yake: pedi zilizobaki nyembamba, tairi lenye milimita 2, bushi iliyoanza kuchanika. Bandika karatasi ile mahali unapoiona, ndani ya kibweta cha dashibodi ikibidi, na ukimpelekea fundi gari kwa sevisi ijayo mpe aisome kabla hajafungua boneti.